Jinsi ya Kupata Ardhi ya Ranchi Mkoani Lindi

Anayesafiri kwa gari kutoka Dar es Salaam kwenda kusini, akishavuka Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji na kuingia wilaya ya Kilwa, huona pori la kijani likimsindikiza pande zote mbili za barabara kwa mwendo mrefu, bila nyumba wala ng'ombe. Mfugaji aliyezoea malisho yaliyobanana ya Shinyanga au Simiyu hulitazama pori hilo na kujiambia kwamba nafasi ameipata. Makosa mengi ya ununuzi wa ardhi ya ranchi mkoani Lindi huanzia hapo. Pori la huku lina wenyewe, na karibu kila hatua nitakayoieleza, iwe ya ofisini au ya kutembea kwa miguu, ni njia ya kumjua mwenyewe ni nani na kupatana naye kwa namna ambayo haitavunjika ng'ombe wakishafika.

Tuanze na neno "kununua" lenyewe. Ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, ambazo zilianza kutumika Mei 2001, zinaigawa ardhi katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Anachopata mnunuzi ni haki ya kumiliki na kuitumia ardhi kwa masharti. Katika ardhi ya jumla haki hiyo hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa hiyo swali la kwanza kumwuliza dalali si bei ya ekari, bali ni ardhi hiyo imo katika kundi lipi, na jibu lake lisiishie mdomoni.

Mkoani Lindi jibu mara nyingi ni ardhi ya kijiji. Hifadhi nazo zimechukua sehemu kubwa, hasa upande wa Liwale unaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotangazwa mwaka 2019 kutokana na sehemu ya Pori la Akiba la Selous. Ardhi ya jumla yenye ukubwa wa kutosha ranchi ni chache, na sehemu yake ni mashamba ya mkonge ya zamani, ambayo nitayarudia.

Tabia ya nchi yenyewe

Kabla ya kuingia katika masuala ya hati, mnunuzi anapaswa kuielewa nchi anayoinunua, kwa sababu ukanda huu haufanani na nyanda za malisho za kaskazini. Mvua huanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au Mei, kisha hufuata kiangazi kirefu. Wakati wa mvua nyasi hurefuka upesi hata kumzidi mtu kimo, na mgeni anayefika Machi huamini kwamba amepata malisho yasiyokwisha. Nyasi hizo zikishakomaa huwa ngumu kama mabua, na virutubisho vyake hupungua sana, kiasi kwamba ng'ombe anaweza kukonda huku amesimama katikati ya majani. Ifikapo Agosti na Septemba moto wa porini hupita na kuondoa hata hayo mabua. Kwa sababu hiyo nashauri ardhi ikaguliwe mara mbili, na kama nafasi ni ya mara moja tu, basi iwe Oktoba. Ardhi inayomlisha na kumnywesha ng'ombe mwezi Oktoba itamlisha mwaka mzima. Ya Machi haina cha kuthibitisha.

Maji nayo hayakugawanywa sawasawa. Mito ya Matandu, Mavuji, Mbwemkuru na Lukuledi ndiyo inayobeba mabonde yenye majani mabichi wakati wa kiangazi, na mabonde hayohayo ndiyo wanakolima wenyeji mpunga na mboga. Juu ya nyanda, kama ile ya Makonde upande wa Mtwara, maji ya juu ya ardhi ni adimu na kisima lazima kiende chini sana. Fanya hesabu kabla ya kupenda mandhari: ng'ombe mmoja mkubwa katika joto la pwani anahitaji lita 30 hadi 50 kwa siku, kwa hiyo ng'ombe 200 wanahitaji hadi lita 10,000 kila siku, hata siku pampu imeharibika. Kama hakuna sehemu ya kuchimba lambo wala dalili ya maji ya kisima kirefu, eneo hilo si ranchi hata likipatikana bure. Karibu na bahari usisahau kuyapima maji ya kisima kwa chumvi.

Halafu kuna mbung'o. Sababu moja kubwa ya mikoa ya Lindi na Mtwara kuwa na ng'ombe wachache kwa miaka mingi, huku wenyeji wakifuga zaidi mbuzi na kuku, ni kwamba miombo na vichaka vya huku ni makazi ya mbung'o waenezao nagana, ugonjwa unaodhoofisha na kuua ng'ombe. Kupe nao wapo, pamoja na ndigana kali. Mnunuzi makini humwomba ofisa mifugo wa wilaya amweleze hali ya mbung'o katika kata husika, kisha huingia porini mwenyewe na kusimama kando ya gari asubuhi, kwa sababu mbung'o hufuata kitu kikubwa kinachotembea na atawaona bila kuambiwa. Mtwara kuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari ambako sampuli za damu zinaweza kupimwa. Josho, dawa za kuogesha na dawa za kukinga nagana ni sehemu ya bei ya ardhi. Asiyeziingiza katika hesabu ya ununuzi atazilipa baadaye kwa mizoga.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ya mbung'o ni kufyeka pori lote. Hawa wangefanya vyema kukumbuka Nachingwea. Kati ya 1947 na 1951 serikali ya Uingereza ilijaribu kugeuza mapori ya huko, ya Kongwa na ya Urambo kuwa mashamba ya karanga, baada ya wataalamu wake kukagua sehemu kubwa ya nchi kutoka kwenye ndege. Gharama ya kung'oa pori ilipita makadirio yote na mpango ukaachwa; bandari ya Mtwara ni miongoni mwa vilivyosalia. Kwa ranchi inatosha kusafisha kuzunguka mazizi, josho, birika za maji na njia za kupita, na hata hapo mti kama mpingo haukatwi bila kibali, hata ukiwa ndani ya mipaka yako.

Wenyewe ni nani

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Ukitembea na kiongozi wa kijiji ndani ya eneo unaloambiwa ni pori, tazama miti. Mkorosho haujipandi wenyewe kwa mstari. Palipo na mikorosho mitatu iliyozibwa na vichaka, pana mtu aliyeipanda, au watoto wake, na katika mikoa hii mti wa kudumu ni ushahidi wa umiliki unaoheshimiwa kuliko karatasi. Miembe mikubwa iliyosimama peke yake, vigae na makaburi huonyesha mahame, yaani makazi ya zamani ambayo watu waliyaacha wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970 walipokusanywa kwenye vijiji vya Ujamaa. Waliondoka, lakini hawakusahau. Wajukuu wao wanajua embe la babu liko wapi, na wapo wanaorudi kulima au kuzuru makaburi. Aidha, kilimo cha huku kina desturi ya kupumzisha shamba kwa miaka kadhaa. Shamba lililopumzika miaka minane linafanana kabisa na pori ambalo halijaguswa, ila mwenyewe yupo kijijini anasubiri udongo upate nguvu.

Jambo la pili ambalo wageni kutoka bara hulikosea ni familia. Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa asili hufuata ukoo wa mama, ingawa Uislamu na mabadiliko ya maisha vimegeuza mengi. Maana yake ni kwamba kijana anayekuuzia shamba la marehemu baba yake huenda si mwenye sauti ya mwisho juu ya shamba hilo; mjomba na wapwa wanaweza kuwa na dai linalotambuliwa na ukoo mzima. Muulize muuzaji bila kuona haya: "Mjomba wako analijua jambo hili?" Akisita, ahirisha malipo. Mjomba akae kwenye mkeka siku ya makubaliano na aweke sahihi kama shahidi, sambamba na mke au mume wa muuzaji, ambaye ridhaa yake inatakiwa kisheria pale ardhi inapokuwa ya familia.

Kuna pia historia ya karibu zaidi. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji walioondolewa katika bonde la Usangu, wilayani Mbarali, walielekezwa katika mikoa ya Lindi na Pwani pamoja na mifugo yao. Wasukuma, Wabarbaig ambao wengi huwaita Wamang'ati, na wafugaji wengine walifika katika vijiji ambavyo wakulima wake hawakuwahi kuishi na makundi ya ng'ombe, na katika vijiji vingine huduma za maji, majosho na mipaka ya malisho hazikuwa tayari. Migogoro iliyofuata, ng'ombe wakila mihogo na ufuta na kuvunja matawi ya mikorosho wakifuata mabibo, yaani matunda yake, bado imo vichwani mwa watu. Mnunuzi wa leo hurithi kumbukumbu hiyo hata kama hajawahi kukaa Usangu. Kijiji kikikuuliza maswali makali kuhusu njia utakayopitishia mifugo msimu wa korosho, usilichukue kama chuki; wewe ungeuliza vilevile.

Njia ya kijiji

Ufikapo kijijini, anzia kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, na uombe kuona vitu viwili: cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi bora ya ardhi. Mpango huo huonyesha wapi ni makazi, wapi ni kilimo, wapi ni malisho ya pamoja na wapi ni msitu wa hifadhi ya kijiji. Vijiji kadhaa vya Kilwa, kama vile Kikole na Nanjirinji, vina misitu ya hifadhi ya kijiji ambayo huvuna mbao kwa utaratibu na kupata mapato. Hakuna mwenyekiti mwenye uwezo wa kukukatia ranchi ndani yake. Malisho ya pamoja nayo ni ya wafugaji wote wa kijiji, kwa hiyo hayauzwi. Kijiji kisicho na mpango kabisa kinavutia wanunuzi wenye haraka, na mimi hukiona kuwa ndicho cha kukiogopa, kwa sababu mpango utakapokuja eneo lako linaweza kuangukia kwenye matumizi mengine.

Sheria haimpi mwenyekiti wala Halmashauri ya Kijiji mamlaka ya kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani mkutano wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Hata mkutano huo una mipaka. Kwa kanuni za mwaka 2001, kijiji kinaweza kugawa hadi hekta 20. Zaidi ya hapo hadi hekta 50 lazima Halmashauri ya Wilaya iidhinishe. Na zaidi ya hekta 50 ombi hufika kwa Kamishna wa Ardhi. Linganisha tarakimu hizo na mahitaji yako. Ukikadiria hekta tatu kwa ng'ombe mmoja, kadirio ambalo kwa pori la huku si la ukarimu, ng'ombe 100 wanahitaji hekta 300. Basi mtu anayekuonyesha mkataba wa hekta 300 wenye mhuri wa mtendaji peke yake amekuonyesha karatasi isiyo na nguvu, hata kama mhuri ni halali na mtendaji ni mtu mwema.

Wapo wanaoikwepa mipaka hiyo kwa kugawa eneo katika vipande vya hekta 20 na kuviandika kwa majina ya mke, watoto na wadogo zao. Sikushauri hivyo. Kijiji kizima kinajua kwamba zizi ni moja, na siku utakapogombana na jirani mmoja, ujanja huo ndio utakaotangulia barazani.

Eneo kubwa linalohitajika kwa kampuni hulazimika kupitia uhawilishaji, yaani kuhamishwa kutoka ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla, na linapozidi hekta 250 uamuzi hupita mikononi mwa Waziri baada ya Mkutano Mkuu kutoa mapendekezo na fidia kukubaliwa. Mnunuzi anapaswa kuelewa kwa nini wanakijiji husita hapa. Ardhi ikishahawilishwa haihesabiki tena kuwa ya kijiji, hata mwekezaji akifilisika. Wilayani Kilwa kampuni moja ya Uholanzi ilichukua zaidi ya hekta 30,000 za vijiji vinne kwa ajili ya kulima mibono ya kutengenezea mafuta, ikasimamisha kazi baada ya miaka michache, na vijiji vikabaki vikiulizia ardhi yao. Ukifika leo na mchoro wa ranchi, wazee wanaokusikiliza wanaifahamu hadithi hiyo. Jibu linaloeleweka ni kuomba eneo unaloweza kulijaza ng'ombe kwa miaka mitatu, na kuandika katika makubaliano nini kitatokea usipoliendeleza.

Mkutano Mkuu ukikaa, hudhuria mwenyewe. Usitume dalali. Hakikisha akidi imetimia, mahudhurio yamesainiwa, na muhtasari unataja ukubwa, mipaka kwa majina ya majirani, kiasi cha fedha na matumizi ya ufugaji kwa maneno ya wazi. Omba nakala palepale. Fedha za kijiji ziingie kwenye akaunti ya kijiji kwa stakabadhi, na za mwananchi mmojammoja zilipwe mbele ya mashahidi, kwa awamu, awamu kubwa ikisubiri mpimaji aweke alama za mipaka huku majirani wote wakiwa wamesimama kwenye pembe zao. Jirani asiyekuja siku ya kupima afuatwe nyumbani kwake. Kutokuwepo kwake si ridhaa. Baada ya hapo ndipo hufuata hati ya hakimiliki ya kimila kwa ardhi iliyobaki kuwa ya kijiji, au hatimiliki kwa iliyohawilishwa.

Asiye raia hapewi ardhi ya kijiji wala hatimiliki ya kawaida. Njia yake ni haki itokanayo na mamlaka ya uwekezaji ya taifa, na kampuni ambayo wenye hisa wengi ni wageni huhesabiwa vivyo hivyo. Kutumia jina la rafiki raia ni kumpa rafiki ranchi.

Mashamba yenye hati ya zamani

Mashamba ya mkonge yaliyoachwa yanavutia kwa sababu yana mipaka iliyopimwa, yako karibu na barabara kuu, na muuzaji ni mmoja. Hatua ya kwanza ni upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, unaofanyika kupitia ofisi ya ardhi ya mkoa, ili kujua jina lililoandikishwa, kama kuna rehani au zuio, na muda uliobaki wa hati. Muda huu husahaulika: hati ya miaka 99 iliyotolewa enzi za mkoloni inaweza kuwa ukingoni. Angalia pia deni la kodi ya pango la ardhi na masharti ya uendelezaji, kwa sababu shamba lililotelekezwa liko katika hatari ya kufutiwa hati, na mara nyingine wanaokuuzia wanakimbia ufutaji huo. Kama hati inasema kilimo cha mkonge, omba kubadili matumizi kabla ya kuleta mifugo.

Upekuzi hauonyeshi watu. Tembea shamba lote uhesabu nyumba, mashamba na mikorosho iliyomo ndani. Familia iliyolima pale kwa zaidi ya miaka 12 bila kupingwa inaweza kuwa na hoja mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa kuwa hicho ndicho kipindi ambacho sheria ya ukomo inampa mwenye hati kudai ardhi yake. Bei ya shamba lenye familia 60 ndani ni bei ya karatasi pamoja na bei ya kupatana na familia 60. Kwa maoni yangu, muuzaji akisema atawaondoa yeye, mwache kwanza amalizane nao kwa amani, ndipo mrudi mezani.

Karibu na Likong'o, lilipochaguliwa eneo la mradi wa kuchakata gesi asilia, na pale Ruangwa na Nachingwea penye madini ya kinywe na nikeli, ulizia kwanza Tume ya Madini kama kuna leseni juu ya eneo hilo. Madini ni mali ya taifa, na haki ya malisho haizuii leseni ya uchimbaji. Bei za huko, kwa vyovyote, si za ng'ombe tena.

Baada ya makubaliano

Soko la ng'ombe wa kunenepesha liko Dar es Salaam, na barabara ya kwenda huko ni moja. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara hiyo eneo la Somanga na kusini ikatengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Mwenye ranchi asipange mauzo yake yote kati ya Machi na Mei, na awe na akiba ya chumvi, dawa na mafuta ya pampu kwa kipindi hicho.

Usilete kundi zima kwa mara moja. Leta ng'ombe 20 au 30 mwanzoni mwa kiangazi, wenye hereni za utambulisho na kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa ofisa mifugo wa wilaya wanakotoka, ukipendelea damu ya zebu au boran kuliko ng'ombe wa maziwa wasioizoea pwani. Wapime damu baada ya mwezi mmoja na tena baada ya miezi mitatu. Katika muda huo chimba lambo, jenga josho, na weka uzio au mchungaji wa kutosha upande wa mikorosho, kabla mabibo hayajaanza kuanguka Septemba na Oktoba. Ukiweza, mruhusu jirani aogeshe mbuzi wake katika josho lako kwa bei ya dawa tu. Makundi mengine yafuate mwaka wa pili, baada ya kuona maji ya lambo yamefika Novemba.